Sikukuu Zinapogeuka Mzigo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Sonona, Upweke na Msongo wa Mawazo

Ukurasa huu ni wa mtu anayeona sikukuu zinakaribia na badala ya kuchangamka anahisi kifua kinabana. Ni wa ndugu pia, yule anayemwona mwenzake akizidi kunyamaza na hajui aanzie wapi. Huna haja ya kuusoma wote kwa mpangilio.

Ila kama sasa hivi unawaza kujiua au kujidhuru, acha kusoma. Piga namba ya dharura ya nchi uliyopo, nenda hospitali iliyo karibu, au mwite mtu unayemwamini aje akae nawe. Maswali mengine yatakusubiri.

Kwa nini nasononeka wakati wenzangu wote wanafurahi?

Kwanza, si wote wanaofurahi, wengi wanajikaza. Pili, sikukuu ni kazi. Mwaka 1967 madaktari wawili wa magonjwa ya akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha yanayomlazimu mtu kujirekebisha, kila tukio na alama zake. Kufiwa na mume au mke kulipewa alama 100. Wengi hushangaa kusikia kwamba Krismasi nayo imo, kwa alama 12, likizo ina 13, na mabadiliko katika mikusanyiko ya familia yana 15. Ni alama ndogo, lakini haziji moja moja. Katika mwezi huohuo mtu analala kwa kuchelewa, anakula ovyo, anasafiri, anatumia pesa asizokuwa amezipanga, anakutana na watu aliowakwepa mwaka mzima, na anaacha zile shughuli za kila siku zilizokuwa zinamshikilia: kazi, mazoezi, saa ya kulala.

Juu ya hayo kuna kujilinganisha. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza tangu 1954 kwamba binadamu akikosa kipimo kingine hujipima kwa kuwatazama wenzake. Msimu huu unakuwekea mbele ya macho familia za watu zikiwa zimevaa vizuri na kujipanga kwa ajili ya picha. Wewe ya kwako unayajua yote, ya sebuleni na ya chumbani. Ya wenzako unaona ya sebuleni tu. Na zikiwa ni sikukuu za mwisho wa mwaka, kalenda nayo inaleta hesabu zake: ndoa iliyovunjika, kazi iliyopotea, mtoto aliyesubiriwa na hakuja. Huzuni ya namna hiyo ina sababu. Kinachoizidisha ni kujilaumu kwa kuwa nayo.

Nitatofautishaje huzuni ya msimu na sonona yenyewe?

Sonona, ambayo wengi huiita depresheni, ni ugonjwa, na wataalamu huutambua kwa dalili na kwa muda. Dalili kuu ni mbili: moyo mzito karibu siku nzima, au kupoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyafurahia. Lazima mojawapo iwepo. Pamoja nayo huja nyingine: usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya kula au uzito kubadilika, uchovu usiokwisha hata baada ya kupumzika, mwili kwenda polepole mno au, kinyume chake, kushindwa kutulia, akili kukataa kuzingatia jambo au kuamua, kujiona huna thamani au una hatia isiyo na msingi, na kuwaza kifo. Zikifika 5, zikadumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na zikavuruga kazi au mahusiano yako, hapo si suala la msimu tena.

Mimi huwashauri watu watumie kipimo kimoja cha haraka: sikukuu ina tarehe ya kuisha. Msongo wa maandalizi hupungua wageni wakiondoka. Upweke hupoa ukipata mtu wa kukusikiliza. Sonona haina habari na kalenda. Wageni wameondoka, nyumba imetulia, na wewe bado huwezi kuoga wala kupokea simu. Kama kila mwaka kitu hiki kinakupata na kila mwaka kinachukua muda mrefu zaidi kuondoka, hiyo pia ni habari ya kumpelekea mtaalamu.

Vituo vingi vya afya hutumia dodoso liitwalo PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Alama zake huanzia 0 hadi 27, na kuanzia 10 ni ishara kwamba uchunguzi wa kina unahitajika. Halitoi hukumu, linakupa pa kuanzia mazungumzo na daktari.

Sonona pia ina sura ambazo watu hawazitambui. Kuna anayekuwa mkali kwa kila mtu, anayeongeza glasi, anayejificha kazini, na kuna anayezunguka hospitali kwa maumivu ya kichwa, mgongo au tumbo ambayo hayaonekani kwenye kipimo chochote. Huyu wa mwisho mara nyingi huambiwa hana kitu. Ana kitu.

Ni kweli kwamba watu wengi zaidi hujiua wakati wa sikukuu?

Hapana. Nchini Marekani, ambako dhana hii imefuatiliwa kwa muda mrefu, takwimu zinaonyesha kwamba Novemba na Desemba kwa kawaida ni miongoni mwa miezi yenye vifo vichache zaidi vya kujiua, na idadi hupanda majira ya kuchipua na ya kiangazi. Kituo cha Annenberg cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kimekuwa kikifuatilia magazeti tangu msimu wa 1999 hadi 2000, na bado kila mwaka kinakuta habari zinazorudia uongo huo.

Uongo huu una madhara ya aina mbili. Mtu aliyekata tamaa akiambiwa kwamba watu wa hali yake hujiua msimu huu, anaweza kuanza kuiona njia hiyo kuwa ya kawaida. Halafu ndugu zake wanalegeza macho mara sherehe zikiisha, wakidhani hatari imepita. Mambo yako kinyume: uchunguzi wa nchi mbalimbali umeona ongezeko siku yenyewe ya Mwaka Mpya. Kama unamwangalia mtu, mwangalie Januari kuliko Desemba.

Je, hii si hali ya hewa tu, baridi na giza?

Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walieleza aina ya sonona inayorudi majira yaleyale kila mwaka, hasa vuli na baridi kali, mchana unapokuwa mfupi. Mgonjwa hulala sana, hutamani vyakula vya wanga, hunenepa, kisha hupata nafuu mwanga ukirudi. Hutokea zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta. Tiba mojawapo ni kukaa mbele ya taa maalumu yenye mwanga wa luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa takriban nusu saa kila asubuhi. Mwenye ugonjwa wa macho au mwenye historia ya kupanda na kushuka kwa hisia kupita kiasi amwone daktari kwanza. Anayeishi karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana, atafute sababu kwingine.

Nyumba imejaa watu. Mbona najihisi mpweke?

Kwa sababu upweke hauhesabiwi kwa vichwa. John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyefariki 2018, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kinachoumiza ni pengo kati ya mahusiano uliyonayo na yale unayoyahitaji. Mtu anaweza kuishi peke yake bila kuwa mpweke, na mwingine akazungukwa na watu ishirini wasiojua hata kwamba ameachwa na mchumba wake. Cacioppo aliona upweke kama ishara ya mwili, sawa na njaa au kiu, inayokwambia utafute watu. Tatizo ni kwamba upweke ukikaa muda mrefu unageuza macho yako: unaanza kusoma dharau kwenye sura isiyo na dharau, unajitoa kabla hujatolewa, na pengo linapanuka.

Hauko peke yako katika hili. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na inauhusisha na vifo takriban 871,000 kwa mwaka. Vijana wamo kwa wingi, jambo ambalo huwashangaza waliozoea kuudhania kuwa shida ya wazee.

Ukiwa katikati ya umati wa ndugu, usijaribu kuwa karibu na wote. Tafuta mmoja. Mfuate jikoni, omba kumsaidia anachofanya, kisha useme neno moja la kweli: "Dada, mwaka huu umenichosha." Mazungumzo mengi ya maana ya msimu huu hufanyika wakati watu wawili wana kazi mikononi na hawalazimiki kutazamana. Na kama huyo dada hakukusikia, jaribu kwa mwingine. Kutosikilizwa na mtu mmoja si ushahidi kwamba hakuna atakayekusikiliza.

Siku yenyewe nitakuwa peke yangu kabisa. Nifanyeje?

Ipange, tena mapema, na ikiwezekana kwa kuandika. Siku tupu ndiyo hatari, kwa sababu mawazo huijaza yenyewe. Weka saa ya kuamka ileile ya siku zote. Oga, vaa, hata kama hakuna wa kukuona. Toka nje mapema, mwanga na mwendo vinasaidia. Pangia mchana kitu kinachochukua muda na kinachoonekana kikiisha: chumba cha kusafisha, shati la kushona, mlo unaochukua saa mbili. Jioni ndipo panapouma zaidi, basi iwekee miadi ya simu na mtu, mliyokubaliana siku chache kabla, ili usiwe unaikodolea simu macho ukisubiri nani atakukumbuka.

Usidharau maneno mafupi na watu usiowafahamu vizuri: jirani, muuzaji, mlinzi wa getini, mtu wa kwenye kituo cha basi. Watafiti Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walionyesha mwaka 2014 kwamba hata mahusiano mepesi ya namna hiyo huongeza furaha ya siku. Kujitolea kuhudumia wengine nako kunafaa, ila uulize mapema. Sehemu nyingi hupata wasaidizi kupita mahitaji siku hiyohiyo na kuwakosa wiki inayofuata. Ukienda wiki hiyo inayofuata utafaa zaidi, na utazoeana na watu.

Labda kuna rafiki mliyepoteana naye na unaona haya kumwandikia baada ya kimya kirefu. Mwandikie. Utafiti wa Peggy Liu na wenzake uliochapishwa mwaka 2022 uligundua kwamba tunakosea kukadiria jambo hili: watu hufurahia kutafutwa kuliko mtafutaji anavyodhani, na hufurahia zaidi kama hawakutarajia. Ujumbe usiwe mrefu, wala usianze na msamaha wa aya tatu. "Nimekukumbuka leo, hujambo wewe?" inatosha.

Na kama umechagua mwenyewe kukaa peke yako, kwa raha zako, usijione una kasoro. Lala.

Nimefiwa mwaka huu. Ni vibaya nikisherehekea? Ni vibaya nisiposherehekea?

Si vibaya, yote mawili. Sikukuu ya kwanza baada ya msiba ni ngumu kwa namna yake, kwa sababu kila kitu kina nafasi ya marehemu: kiti chake, kazi aliyokuwa akiifanya yeye tu, wimbo aliokuwa akiukosea makusudi. Wengine hupata taabu zaidi siku chache kabla kuliko siku yenyewe, maana siku yenyewe walishaijiandalia.

Watu watakwambia kuna hatua tano za maombolezo nawe uko kwenye hatua fulani. Elisabeth Kübler-Ross, aliyezieleza mwaka 1969, alizitoa kwenye mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Hazikuwa ratiba ya wafiwa. Huzuni ya kufiwa huja na kuondoka bila utaratibu. Unaweza kucheka saa saba na kulia saa tisa, na kicheko kile hakikumsaliti mtu.

Kinachosaidia wengi ni kuamua mapema nafasi ya marehemu siku hiyo, badala ya kila mtu kukwepa jina lake akidhani anawalinda wenzake. Familia moja itawasha mshumaa, nyingine itasoma dua, nyingine itamwachia mjukuu asimulie kisa kimoja cha babu. Mkiamua kubadilisha kila kitu mwaka huu, mahali, saa, hata wageni, ni sawa, na si lazima mwaka ujao mfanye vilevile. Jipe ruhusa ya kuondoka mapema, na umwambie mwenyeji kabla: "Shemeji, nitakuja, ila nikizidiwa nitaondoka bila kuaga, usinielewe vibaya."

Kuna wakati maombolezo hukwama. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unatambua hali ambapo hamu kali ya marehemu na uchungu mzito vinaendelea zaidi ya miezi 6, kupita kiasi cha desturi za jamii ya mtu, hadi maisha yanasimama. Wataalamu wa Marekani huhesabu miezi 12 kwa mtu mzima. Hali hiyo ina tiba yake ya mazungumzo, na si kosa la mfiwa kwamba hajapona kwa muda ambao majirani walimpangia.

Sina pesa ya kutosha, na aibu inaniua.

Sema mapema, sema kifupi, usitoe maelezo marefu. "Mama, mwaka huu sitaleta zawadi, lakini nitakuja na nitasaidia kazi." Anayesema hivyo wiki tatu kabla huwapa wengine nafasi ya kupanga, na mara nyingi huwapa ahueni ndugu waliokuwa wanatamani kusema hivyohivyo. Deni la sherehe ya siku moja hulipwa kwa miezi, na wasiwasi wa deni ni miongoni mwa mambo yanayokosesha watu usingizi na kuzidisha sonona. Andika kiasi unachoweza kutoa bila kukopa, kisha gawa hicho. Watoto waambiwe ukweli kwa lugha yao. Wanaona zaidi ya tunavyodhani, na wakifichwa huhisi wao ndio kosa.

Familia yangu ndiyo chanzo cha msongo wenyewe.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: wahenga walijua kwamba hata upendo una muda wake wa kukaa chini ya paa moja. Fupisha ziara. Lala kwingine kama inawezekana. Kuwa na namna ya kuondoka isiyomtegemea mtu mwingine.

Maswali yanayochoma yanajulikana: utaoa lini, mtoto yuko wapi, mbona umekonda, mwenzako anapata kiasi gani. Andaa jibu moja lisilo na hasira na lisilo na habari, ulirudie bila kuliongezea chochote. "Shangazi, likitokea utakuwa wa kwanza kujua." Akiuliza tena, jibu ni lilelile. Ukianza kujieleza umefungua kikao.

Ugomvi wa miaka kumi hautatuliwi mezani siku ya sikukuu, watu wakiwa wamechoka na baadhi wamekunywa. Ahirisha. Lakini kuna jambo tofauti na ugomvi: kama nyumbani kuna aliyekupiga, aliyekudhulumu kingono au anayekutisha, hakuna sikukuu inayokuwajibisha kukaa naye. Watu watakuita mkaidi. Heri ukaidi huo.

Pombe inanisaidia kusahau kidogo. Kuna ubaya?

Kwa saa mbili za kwanza utaona inasaidia. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, kwa hiyo wasiwasi hulegea. Inapoisha mwilini, ubongo hurudi juu kwa kishindo, na ndiyo maana watu huamka alfajiri moyo ukidunda na hofu isiyo na jina. Huvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, hupunguza nguvu ya kujizuia, na kwa mwenye mawazo ya kujiua huongeza hatari waziwazi. Moyo nao haukwepi: mwaka 1978 daktari Philip Ettinger na wenzake walieleza wagonjwa waliopata mapigo yasiyo na mpangilio baada ya kunywa sana, hasa wikiendi na siku za mapumziko, na madaktari hadi leo wanaiita hali hiyo moyo wa sikukuu.

Anayekunywa kila siku kwa wingi asiache ghafla bila ushauri wa daktari, kwani kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Na kama uko kwenye safari ya kuacha, msimu huu usiende kwenye sherehe bila mtu mmoja anayejua siri yako.

Natumia dawa za sonona. Naweza kuziacha wakati wa sikukuu?

Usiziache kwa uamuzi wako. Dawa zinazotumika sana, za kundi la SSRI, huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki 2 hadi 4 na huchukua muda zaidi kufikia nguvu kamili. Ukizikatisha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto mbaya, hisia kama shoti ya umeme kichwani, na sonona kurudi. Aliyepona kwa kawaida huendelea kuzitumia kwa angalau miezi 6, ndipo daktari azipunguze taratibu. Hesabu vidonge kabla ya safari, maana maduka na kliniki hufungwa, na vibebe kwenye mkoba unaokaa nao, si kwenye mzigo.

Je, sonona ni upungufu wa imani?

Hapana. Huwapata waumini na viongozi wao pia. Sala na dua huwapa wengi nguvu na jamii ya kuwa nayo, na havishindani na matibabu. Kiongozi wa dini anayefaa ni yule anayekuombea kisha akakusindikiza hospitali. Anayekuambia utupe vidonge kama ushahidi wa imani anakuweka hatarini.

Na watoto?

Mtoto mwenye sonona anaweza asionekane mwenye huzuni. Huonekana mkorofi, mwenye kuumwa tumbo, au kijana aliyejifungia na simu. Wazazi waliotengana wapange ratiba ya sikukuu wenyewe, mapema, na wasimpe mtoto kazi ya kuchagua atakaa kwa nani. Mpe saa za kulala, hata kama ni sikukuu.

Nimsaidieje ndugu ninayemwona anazama?

Mfuate faraghani, umwambie ulichokiona, si ulichokihukumu. "Kaka, naona huli na hulali, na umeacha kuja mpirani. Nina wasiwasi. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Watu wengi hujaza kimya hicho kwa ushauri, na mwenzao anarudi ndani.

Yapo maneno ya kuacha: jikaze, wenzako wana shida kubwa zaidi, wewe una kila kitu, changamka basi ni sikukuu. Yote yanasemwa kwa nia njema na yote yanamfundisha mgonjwa kuficha. Badala yake toa msaada wenye umbo. "Ukinihitaji niambie" ni mzigo mwingine kwake, kwa sababu sasa inabidi afikirie aombe nini. "Nitakuja kesho saa nne tufue pamoja" ni msaada. "Nimekupatia miadi, nami nitakusindikiza" ni msaada mkubwa zaidi.

Ukihofia kwamba anawaza kujiua, muulize kwa maneno hayohayo: "Unawaza kujiua?" Tafiti zimeonyesha kwamba kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, wengi hupata ahueni kwa kuwa hatimaye mtu amethubutu kulitaja. Akijibu ndiyo, uliza kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za kuulia wadudu, silaha, vidonge vingi, kila kinachoweza kutumika. Hatua hiyo huokoa watu, kwani msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi. Na usikubali kuapishwa kutunza siri.

Nimeanza kuwaza kwamba ingekuwa heri nisingekuwepo.

Asante kwa kufika kwenye swali hili. Mwambie mtu leo, si baada ya sikukuu. Watu huahirisha wakisema hawataki kuharibia familia sherehe. Hakuna familia ambayo, ingeulizwa, ingechagua sherehe.

Kama wazo lina mpango, tarehe au kifaa, ni dharura: hospitali, namba ya dharura, mtu wa kukaa nawe usiku. Kama ni wazo linalopita bila mpango, bado limfikie daktari wiki hii. Kaa mbali na pombe na vitu vya kujidhuru, hamia kwa mtu kwa siku chache, na andika kwenye karatasi majina matatu ya kupigia, kwa mpangilio, kwa sababu mawazo yakizidi kichwa hakikumbuki namba. Zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua duniani kila mwaka, na wanaofikiria kisha wakaendelea kuishi ni wengi kuliko hao mara nyingi. Hisia kwamba hali hii haitaisha ni dalili ya ugonjwa wenyewe.

Nikienda kwa mtaalamu atanifanyia nini?

Atakuuliza maswali mengi, na huenda akaagiza kipimo cha damu, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya thairoidi huweza kufanana na sonona. Sonona ya kiwango cha chini hutibiwa kwanza kwa mazungumzo. Iliyo kali huhitaji dawa na mazungumzo pamoja. Tiba ya mazungumzo inayofahamika zaidi ilianzishwa na daktari Aaron Beck miaka ya 1960 na humfundisha mtu kuyakagua mawazo yake na kubadilisha anachofanya kila siku. Nyingine humrudisha mtu taratibu kwenye shughuli zenye maana bila kusubiri hamu irudi kwanza.

Usikate tamaa kama eneo lenu halina daktari wa akili. Nchini Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa Benchi la Urafiki, ambapo akina bibi waliofunzwa huketi na mgonjwa kwenye benchi na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba waliopitia kwao walikuwa na dalili chache baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mhudumu wa afya wa kawaida aliyefunzwa vizuri anaweza kukufaa sana.

Sikukuu zimeisha, na mimi ndiyo kwanza naanguka.

Hutokea sana. Wakati wa pilikapilika mwili ulikuwa ukienda kwa msukumo wa homoni za msongo. Zikishuka, uchovu wote unadai haki yake, na simu zilizokuwa zikilia zimenyamaza. Rudisha kwanza usingizi na saa za kula, kisha mwendo wa miguu kila siku hata dakika 20, kisha mtu mmoja wa kuonana naye ana kwa ana kila wiki. Usianze na maazimio makubwa. Kuyashindwa wiki ya pili kutakupa sababu mpya ya kujilaumu.

Wiki 2 zikipita bila nafuu, nenda kituo cha afya. Wengi hukwama mlangoni kwa kutojua waseme nini, basi chukua maneno haya: "Daktari, tangu sikukuu sijisikii kuwa mimi. Silali vizuri, sina hamu ya kitu chochote, na inanizuia kufanya kazi. Naomba unipime sonona." Ukishindwa kuyatamka, yaandike kwenye simu umwonyeshe.